Jibu kwa katibu wa usharika: kilimo hifadhi, visiki hai na kazi ya nyumba za ibada

Msomaji wetu mmoja, katibu wa kamati ya maendeleo ya usharika mkoani Dodoma, anauliza:

"Usharika wetu una shamba la ekari nne ambalo hulimwa kwa plau ya ng'ombe kila mwaka, na mavuno yake yanazidi kushuka. Mchungaji wetu amerudi kutoka semina ya Kilimo kwa Njia ya Mungu na anataka tuache plau, tuchimbe mashimo ya kupandia na kufunika ardhi kwa mabua. Wazee wanauliza kama hiki ni kilimo au ni mafundisho mapya ya dini. Mwaka juzi tulipanda miche 600 siku ya ibada ya mazingira, na leo iliyo hai haifiki 40. Sasa jirani zetu wa msikitini wametuomba tushirikiane kutunza kilima kilicho nyuma ya kijiji. Je, nyumba za ibada zina mchango wa kweli katika mambo haya, au tuwaachie maofisa ugani?"

Ndugu Katibu,

Nitaanza na swali la wazee wako, kwa kuwa wameuliza jambo la msingi na wanastahili jibu lililonyooka. Kilimo anachokisema Mchungaji ni kilimo hifadhi kile kile ambacho ofisa ugani wa kata yenu angewafundisha, ila kimeelezwa kwa lugha ya imani. Ardhi haitifuliwi isipokuwa pale mbegu inapoingia. Uso wake hufunikwa kwa masalia ya mazao. Na mazao hubadilishwa au kuchanganywa, hasa nafaka pamoja na jamii ya kunde. Chimbuko la mfumo huu wenye jina la Njia ya Mungu ni Zimbabwe katika miaka ya 1980, kwa mkulima aitwaye Brian Oldreive, ambaye aliacha kulima tumbaku kwa sababu ya imani yake, kisha akajikuta anahangaika na mahindi yaliyokuwa yakimtia hasara. Kwa maelezo yake, jawabu alilipata msituni, alipotambua kwamba kule hakuna anayelima wala kugeuza udongo, majani yanayopukutika hubaki pale yalipoangukia, na chini yake ardhi ni laini na ina unyevu. Akajaribu jambo hilo kwenye eneo dogo, akawa analiongeza mwaka hadi mwaka. Wanaomfuata huyaita matandazo blanketi la Mungu, na humfundisha mkulima kufanya kazi kwa wakati, kwa kiwango, bila kupoteza kitu, na kwa furaha.

Kwa hiyo wazee wasihofu kwamba wanaletewa imani ngeni. Maneno ya Mwanzo 2:15 wanayajua tangu utoto: mtu aliwekwa katika bustani ya Edeni "ailime na kuitunza". Wengi wetu tumelishika neno la kwanza na kulisahau la pili, na Mchungaji anajaribu kuyarudisha yote mawili shambani.

Hata hivyo, ipo tahadhari moja ambayo ningependa aisikie kabla hajapanda mimbarini. Mfumo ukipewa jina la Mungu, mkulima anayevuna kidogo anaweza kuambiwa, au akajiambia mwenyewe, kwamba imani yake ni haba. Nimemwona mama mmoja mjane akikaa nyuma kabisa siku ya sikukuu ya mavuno kwa sababu mahindi yake yalikauka, ilhali mashimo yake yalikuwa yamenyooka kuliko ya wengine wote; mvua ilikatika Februari, na udongo wa kwake ulikuwa mchanga mtupu. Ukame si hukumu juu ya mtu. Mhubiri anayefundisha kilimo hana budi kulisema hilo waziwazi, tena kabla ya msimu na si baada yake. Hali kadhalika mtama na uwele, ambavyo vinavumilia ukame kuliko mahindi, visionekane kuwa ni mazao ya wasiofuata semina. Kwa mvua zenu, ambazo kwa kawaida ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na zote huanguka katika msimu mmoja, ningeanza na mtama na kunde.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo shamba la usharika hufaulu au huharibika. Nafasi zinazofundishwa kwa mahindi ni sentimita 75 kati ya mstari na mstari na sentimita 60 kati ya shimo na shimo. Ukipiga hesabu utapata karibu mashimo 9,000 kwa ekari moja, kila moja likiwa na kina cha sentimita 15 hivi na kopo la samadi ndani yake. Kwa ekari nne ni mashimo 36,000, yanayochimbwa kwa jembe la mkono katika udongo uliokauka kama tofali. Usharika unaotangaza ekari zote nne mwaka wa kwanza utakuwa na watu 60 siku ya kwanza, 20 siku ya tatu, na baada ya wiki mbili atabaki mwinjilisti na watoto wake. Anzeni na robo ekari. Ni mashimo 2,250, ambayo watu 30 wanaweza kuyamaliza kwa asubuhi chache wakipimiana kwa kamba yenye mafundo. Jambo linalowafariji wengi ni kwamba mashimo hayo hayachimbwi upya kila mwaka kwa nguvu ile ile: msimu unaofuata hufunguliwa mahali pale pale, samadi ya mwaka uliopita ikiwa bado inafanya kazi, na jembe huzama kwa urahisi zaidi.

Magugu nayo yatawashangaza. Plau ilikuwa ikiyafukia. Ikiachwa, mwaka wa kwanza na wa pili yatakuja kwa wingi, na palizi tatu si ajabu. Wauzaji wa dawa za kuua magugu watawafuata hapo hapo. Shauri langu ni kwamba katika robo ekari ya mfano palizi ifanywe kwa mikono na kwa wakati, magugu yaliyong'olewa yaachwe juu yawe matandazo, na fiwi au kunde zipandwe katikati ya mistari ili ziifunike ardhi mapema. Mbolea ya dukani si dhambi, kama baadhi ya wahubiri wanavyotaka kuifanya. Kwenye udongo uliochoka, mabua makavu yanapoanza kuoza hufyonza naitrojeni, na zao linaweza kugeuka manjano mwezi wa kwanza iwapo samadi ni kidogo. Kifuniko kidogo cha soda cha mbolea kwa kila shimo kinaweza kuliokoa.

Ila tatizo kubwa kuliko yote sijaligusa bado, nalo ni ng'ombe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha ukanda huo huo, niliwashauri waumini watandaze mabua mara tu baada ya kuvuna. Walitandaza vizuri sana. Nilipofika mchana wa jua kali mwishoni mwa Juni, niliingiza vidole chini ya mabua na kuukuta udongo wa baridi, wenye vijitundu vya mchwa na chembechembe zinazoshikana, wakati hatua tatu pembeni, kwenye shamba lililo wazi, mkono haukuweza kukaa juu ya ardhi kwa joto. Nikaondoka nimefurahi. Niliporudi Agosti hapakuwa na bua hata moja, ila kwato na vinyesi. Hakuna aliyekosea, kwa kuwa desturi ya mahali pale ni kwamba shamba likishavunwa ni malisho ya wote, na vijana waliochunga walikuwa watoto wa waumini hao hao. Aliyekosea ni mimi, niliyetoa somo la udongo kwa wenye mashamba nikawasahau wenye mifugo.

Tangu hapo, mkutano wa kwanza ninaouitisha ni wa wafugaji. Mabua yana thamani kama lishe, na mkulima wa Dodoma mwenye ng'ombe wanne hawezi kuambiwa ayaache yote yaoze. Tugawane: nusu ibaki shambani, nusu ihifadhiwe juu ya kichanja kwa ajili ya miezi ya njaa ya mifugo, na shamba la mfano lizungushiwe uzio wa miiba au wa minyaa. Jambo hili linahitaji maafikiano ya kijiji kizima, na ndipo nyumba ya ibada inapofaa kuliko ofisi yoyote. Wazee wa mkoa wenu wanaukumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwa amri katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Majani na miti vilirudi, hilo ni kweli, lakini wenye ng'ombe waliondoka na machungu ambayo wengine hawajayasahau. Ardhi iliyopona kwa amri huendelea kuhitaji askari wa kuilinda.

Linganisha na Ethiopia. Katika nyanda za Gondar Kusini, ambako misitu ya asili imekwisha karibu yote, kila kanisa la Orthodox Tewahedo limezungukwa na kijisitu chake, na ukitazama kutoka juu unaona madoa ya kijani katikati ya mashamba ya kahawia. Waumini husema kanisa lisilo na miti ni kama mtu asiye na nguo. Mtafiti Alemayehu Wassie, aliyezaliwa huko huko, alibaini kwamba misitu hiyo ilikuwa inazeeka bila warithi, kwa sababu ng'ombe walikula na kukanyaga kila mche uliochipua. Yeye na mwanaikolojia Margaret Lowman wa Marekani walizungumza na makasisi, na makasisi wakazungumza na waumini, ambao waliokota mawe yaliyokuwa yakiwasumbua mashambani mwao wakajenga kuta kuzunguka misitu. Mashamba yakapata nafuu ya kulimika, na ndani ya ukuta miche ikaanza kuota. Hapakupandwa mti kwanza. Palizuiwa ng'ombe kwanza.

Hilo linanileta kwenye miche yenu 600. Usione haya kwa hiyo zaidi ya 560 iliyokufa, maana hadithi hiyo ni ya Afrika nzima. Zimbabwe, katika jimbo la Masvingo, ilianzishwa harakati ambayo mimi naiheshimu sana: kuanzia mwaka 1988, Inus Daneel, mwanateolojia aliyeishi miaka mingi na makanisa huru ya Kiafrika yaitwayo ya Kizayuni na ya Kitume, alishirikiana kwanza na wazee wa mila na waganga wa mizimu, na mwaka 1991 ukaundwa umoja wa makanisa huru yaliyojitolea kutunza ardhi. Waliunganisha upandaji wa miti na Meza ya Bwana. Kabla ya kupokea mkate na divai, waumini walijipanga mbele ya wote na kuungama: mmoja alikata miti bila sababu, mwingine alilima hadi ukingoni mwa mto, mwingine aliburuta mizigo kwa magogo mpaka njia ikawa korongo. Kisha kila mmoja aliushika mche mkononi na kwenda kuupanda. Mamilioni ya miche yalipandwa na makanisa na watu wa mila kwa pamoja, na waliita kazi hiyo vita vya miti, kwa kumbukumbu ya vita vya ukombozi ambavyo wengi wao walivipigana.

Ninachokipenda hapo ni kwamba dhambi ilitajwa kwa jina lake la shambani. Mahubiri ya jumla kuhusu kuharibu uumbaji hayamgusi mtu; lakini mtu akisimama mbele ya jirani zake na kusema "mimi ndiye ninayelima ukingo wa mto", kesho yake wote wanajua mpaka wa shamba lake unapopaswa kuishia. Hata hivyo, huko nako mtihani mgumu ulikuwa ni utunzaji wa miche baada ya sherehe: maji, uzio, mbuzi, na mtu wa kuamka asubuhi. Kupanda ni siku moja, na kutunza ni miaka mitano.

Kwa mkoa wenu, kwa hiyo, nashauri msianze na miche. Anzeni na visiki. Mwaka 1983, Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa mmisionari katika eneo la Maradi nchini Niger, alikuwa amechoka kupanda miche inayokufa mchangani. Siku moja aliposimamisha gari kupunguza upepo wa matairi ili apite kwenye mchanga, alikitazama kwa karibu kichaka alichozoea kukipita, akatambua kwa umbo la majani kwamba hakikuwa kichaka: ulikuwa mti uliokatwa, unaochipua upya kutoka kwenye kisiki, na mizizi yake bado hai kule chini. Jangwa lile lilikuwa limejaa miti iliyolala. Kilichohitajika ni kuchagua machipukizi machache yaliyonyooka katika kila kisiki, kuyaondoa mengine, kupogoa matawi ya pembeni na kuwazuia watu na mifugo wasiyarudie. Katika muda wa miaka ishirini hivi, njia hiyo ilienea kwenye takriban hekta milioni 5 za kusini mwa Niger, na mwaka 2018 Rinaudo alipewa tuzo ya Right Livelihood. Mkoani Dodoma njia hii imekuwa ikifundishwa kwa jina la Kisiki Hai na shirika la LEAD Foundation kwa kushirikiana na Justdiggit tangu mwaka 2018, kwa hiyo yumkini katika kata ya jirani yupo mkulima anayeweza kuwaonyesha kwa mikono yake.

Kuna mambo mawili katika habari ya Niger ambayo hayasemwi mara nyingi. La kwanza ni la umiliki. Kisheria miti ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, na mkulima hakuwa na sababu ya kuutunza mti ambao kesho angetozwa faini kwa kuukata. Mambo yalibadilika pale maofisa walipolegeza kamba na mkulima akawa na hakika kwamba mti wa shambani kwake ni wake. Kwa hiyo katika mashamba ya waumini, na kwenye kilima hicho cha kijiji, andikeni mapema nani atapogoa, nani atachukua kuni za matawi, na zikiuzwa fedha zitaingia wapi, kisha muhtasari huo upitishwe na serikali ya kijiji. La pili ni kwamba Rinaudo alikuwa Mkristo, na wakulima walioieneza kazi ile walikuwa Waislamu kwa wingi wao. Mti ulikuwa mmoja na kisu kilikuwa kimoja.

Ndiyo maana nakusihi msiuache mkono walionyoosha jirani zenu wa msikitini. Watakuja na hazina yao. Imepokewa kutoka kwa Mtume, katika Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, chochote atakachokula humo ndege, mtu au mnyama ni sadaka kwake. Sheria ya Kiislamu inayajua malisho yaliyotengwa kwa manufaa ya wote, yaitwayo hima, na inaujua wakfu, ambao ni njia thabiti ya kulifunga eneo lisiuzwe wala kugawanywa. Na hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kisiwa cha Misali, karibu na Pemba, kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, lakini baadhi ya wavuvi waliendelea na uvuvi haramu, ukiwamo wa baruti. Kuanzia mwaka 1999, viongozi wa dini na wavuvi walikaa pamoja, wakisaidiwa na taasisi ya Kiislamu ya mazingira iliyoongozwa na Fazlun Khalid kutoka Uingereza, kuyapitia mafundisho ya Kurani kuhusu amana na israfu, yaani ufujaji. Watu wa Pemba husimulia kwamba Nabii Hidhri alifika kisiwani akaomba msala, yaani mkeka wa kuswalia, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe, kilivyoelekea Makka, kitakuwa msala wake. Ndipo kikaitwa Misali. Kwa mvuvi aliyelelewa na simulizi hiyo, kulipua matumbawe ya hapo ni jambo zito kuliko kuvunja kanuni ya idara.

Katika kilima chenu, gawaneni kazi kwa namna ambayo kila upande utaona mchango wa mwenzake. Kanisa lichukue mteremko mmoja na msikiti mwingine, kamati iwe moja, na faini ya kuingiza mifugo iwe ile ile kwa wote. Kama kuna pahali wazee wa mila wanapaheshimu kilimani hapo, pafahamuni na mpaheshimu. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wamezilinda Kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, kwa makatazo ya mila, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kwenye Urithi wa Dunia.

Sasa swali lako la mwisho, kama muwaachie maofisa ugani. Hapana, ila msiwaache nje. Ofisa ugani ana elimu ambayo Mchungaji hana, kuhusu mbegu, viwavijeshi na kipimo cha mbolea. Lakini ana vijiji vingi na pikipiki isiyo na mafuta. Mradi wa wafadhili una mafuta, nao hufungwa baada ya miaka mitatu. Usharika una kitu kimoja ambacho hawa wote hawana, nacho ni Jumapili ijayo. Watu wale wale watakusanyika tena mahali pale pale, watapita kando ya shamba lile lile, na aliyeahidi mbele yao atatazamwa usoni. Udongo hujengeka polepole, kwa misimu mitano au sita ndipo rangi yake hubadilika, na taasisi zinazodumu kijijini kwa muda huo bila bajeti ya mtu mwingine ni chache.

Itumieni nguvu hiyo kwa mambo madogo ya kila wiki. Katika matangazo ya ibada, kabla ya taarifa ya sadaka, mtu mmoja asome hali ya shamba: mvua iliyopimwa kwenye kopo, palizi iliyofanyika au iliyochelewa, visiki vilivyopogolewa wiki hiyo na jina la mtaa uliovipogoa. Vijana wa kipaimara wapewe kila mmoja visiki vitano vya kutunza kwa muda wote wa mafundisho, wavifunge kitambaa chenye rangi ili mchungaji wa mifugo avione kwa mbali, na wakaguliwe navyo siku wanapokaguliwa masomo. Panga la kupogolea liwe kali na mkato uende kutoka chini kwenda juu, ganda lisichanike. Na mkikuta ule mgunga unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua kiangazi, msiukate kamwe: hauyazibii mazao jua, majani yake hurutubisha ardhi, na maganda yake hulisha mbuzi wakati hakuna kingine.

Ekari tatu na robo tatu zilizobaki zilimeni kama mlivyozoea mwaka huu, kwa mbegu ile ile na kwa tarehe ile ile ya kupanda, ili tofauti ionekane kwa mizani na si kwa maneno. Robo ekari ya mfano ichagueni upande ambao waumini hupita wakienda na kurudi ibadani. Mkutano na wafugaji ufanyike kabla mabua hayajakatwa, uzio wa miiba uwe umefungwa ifikapo Julai, na mashimo yote 2,250 yawe yamechimbwa na kutiwa samadi kabla Oktoba haijaisha.